Kioo kinasema "hewani", redio iko kimya: seva ikikatika na kolibaki ikianguka katika programu za Python

Mtambo wa kurushia matangazo wa redio ya mkoa kwa kawaida haukai studio. Unakaa juu ya kilima, chini ya mnara, ndani ya kibanda chenye feni, betri na mlinzi mmoja anayeshika ufunguo. Studio iko mjini, na katikati kuna barabara ambayo wakati wa masika hata pikipiki hufika kwa kusukumwa. Ndiyo sababu vituo vingi vya ukubwa wetu vimeweka kompyuta ndogo kule juu. Inasoma nguvu ya mtambo, joto na chaji ya betri, inatuma habari hizo studio kwa laini ya simu, na studio nayo inaweza kutuma amri ya kuwasha au kuzima. Programu yenyewe, mara nyingi, imeandikwa kwa Python.

Asubuhi moja tulisoma matangazo ya vifo kwa dakika 20, tukaweka wimbo, tukasoma salamu. Kwenye kioo mbele yetu ukurasa wa hali ulikuwa wa kijani: HEWANI, wati 480. Simu ya kwanza ikaingia kutoka kwa mama mmoja muuza samaki: "Wanangu, leo mmelala?" Tukamshauri abadilishe betri za redio yake. Simu ya tano ndiyo iliyotushtua. Mtambo ulikuwa umezimika tangu saa kumi na moja alfajiri. Miongoni mwa matangazo tuliyousomea ukuta kulikuwa na mazishi ya saa saba mchana wa siku hiyo hiyo. Ndugu wa vijiji vya mbali walipata habari jioni, watu wameshatoka makaburini. Tulirudisha pesa ya tangazo, lakini pesa haikuwa shida ya familia ile.

Makala haya tumeyaandika baada ya kukaa na fundi wetu na kuipitia programu ile mstari kwa mstari. Mafunzo yetu sisi ni cheti cha utangazaji, si uhandisi. Tunachoeleza hapa ni kile alichotuchorea kwenye karatasi mpaka kikatuingia. Kinamhusu mwenye redio, na kinamhusu pia anayeangalia pampu ya maji ya kijiji, jenereta ya zahanati au banda la vifaranga kwa kompyuta iliyo mbali naye.

Simu isiyolia

Programu inayosimamia mtambo wa mbali haikai ikiuliza kila sekunde, "Kuna jipya?" Inafanya kama sisi tunavyofanya na fundi: unamwachia namba yako, unamwambia likitokea lolote nipigie, kisha unaendelea na shughuli zako. Kwenye Python namba hiyo unayoacha ni kipande cha msimbo, na waandishi wa programu wanakiita kolibaki. Ujumbe ukifika, maktaba ya mawasiliano inaiita kolibaki ya ujumbe. Muunganisho ukikatika, inaiita kolibaki ya kukatika.

Utaratibu ni mzuri, ila una tundu moja. Simu isipolia, hujui kama hakuna kilichotokea, au fundi hana salio, au simu yake imetumbukia mtoni. Ukurasa wetu wa hali ulikuwa unachukulia kwamba kutopigiwa ni dalili ya amani. Namba ya mwisho kupokewa ilikuwa wati 480, kwa hiyo ukaendelea kuonyesha wati 480 usiku kucha, kwa rangi ya kijani.

Logi ya kompyuta ya studio ilikuwa na jibu. Saa nane na dakika kumi usiku kipimo cha betri kule kilimani kilituma ujumbe mtupu, bila namba ndani. Kolibaki ya studio ikajaribu kuugeuza mtupu huo kuwa namba, Python ikakataa kwa hitilafu iitwayo ValueError, na uzi wa programu uliokuwa unapokea ujumbe ukafa hapo hapo. Uzi mwingine, ule unaochora ukurasa wa hali, haukuguswa. Uliendelea kuchora. Mtambo ulipozimika saa tatu baadaye, hapakuwa na mtu wa kupokea simu.

Dalali na wosia

Lugha ambayo kilima na studio vinazungumza inaitwa MQTT. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa kazi ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia satelaiti, mahali ambapo kila baiti iligharimu na muunganisho haukuwa wa kuaminika. Kwa hiyo tangu mwanzo ilitengenezwa kwa watu wa hali kama yetu. Katikati anakaa seva ambaye kazi yake ni udalali: kilima kinampa habari, studio imejiandikisha kwake kuzipokea, na pande hizo mbili hazizungumzi ana kwa ana. Programu ya bure ya udalali inayotumika sana ni Mosquitto, na kwa upande wa Python maktaba inayotumika sana ni paho.

Dalali huyu lazima ajue nani bado yupo. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu muunganisho wa intaneti mara nyingi hufa bila kuaga.

Kuna vifo vya aina tatu. Cha kwanza ni cha heshima: upande mmoja unafunga, na mwingine ukisoma unapata baiti sifuri, alama kwamba mazungumzo yamekwisha. Cha pili ni cha kupigiwa mlango usoni: Python inarusha ConnectionResetError au BrokenPipeError, zote za ukoo wa OSError. Hizo mbili ni rahisi. Cha tatu ni pale mnara wa simu unapokosa umeme au modemu inapoganda, na hakuna anayetuma chochote kwa yeyote. Kompyuta ya studio inaendelea kuamini kuwa njia iko wazi. Kama inajaribu kutuma, Linux kwa mipangilio yake ya kawaida itarudia na kurudia kwa takriban dakika 15 kabla ya kukubali kuwa hakuna mtu. Kama inasoma tu, inaweza kungoja siku nzima. Linux ina ukaguzi wake wa njia zilizonyamaza, lakini programu lazima iuombe, na ukiombwa unaanza baada ya saa mbili. Kwa redio, dakika 15 ni taarifa ya habari nzima.

MQTT inatatua hili kwa ishara ya uhai. Mteja anaahidi kwamba hatakaa kimya zaidi ya muda fulani. Kwenye paho muda huo usipoutaja ni sekunde 60. Asiposema kitu kwa muda huo mara moja na nusu, yaani sekunde 90, dalali anamhesabu kuwa amekufa na kumkata. Sisi tumeweka 30, kwa hiyo dalali anajua ndani ya sekunde 45. Tulijaribu 5. Laini ya simu ikizidiwa jioni, watu wanapoangalia mpira, ujumbe huchelewa zaidi ya hapo, na dalali akawa anamzika mtu aliye hai kila dakika chache.

Mteja akifa, dalali anasoma wosia wake. Hilo si jina tulilobuni sisi. Kwenye MQTT ndivyo unavyoitwa, ujumbe ambao mteja anauacha kwa dalali wakati wa kuunganishwa, utangazwe endapo ataondoka bila kuaga. Kwa upande wa kilimani tunaandika hivi:

```
mteja = mqtt.Client(mqtt.CallbackAPIVersion.VERSION2,
                    client_id="kilima-1")
mteja.will_set("mtambo/hali", "HAIJULIKANI", qos=1, retain=True)
mteja.reconnect_delay_set(min_delay=2, max_delay=120)
mteja.connect_async(anwani_ya_dalali, 1883, keepalive=30)
mteja.loop_start()
```

Kila mstari hapo umetugharimu kitu. Wosia huandikwa kabla ya kuunganishwa. Ukiandikwa baadaye dalali hana habari nao mpaka muunganisho unaofuata. Neno retain linamwambia dalali autunze ujumbe wa mwisho na kumpa kila anayejiandikisha, na hili ni upanga wa makali mawili. Kama kilima kinatangaza HEWANI kwa kutunzwa halafu hakina wosia, dalali ataendelea kumwambia kila mgeni "hewani" hata mwezi mzima baada ya kilima kuungua. Zingatia pia kwamba anayeaga vizuri hasomewi wosia: programu ikizimwa kwa utaratibu, itangaze HAIJULIKANI yenyewe kabla ya kuondoka. Na kila inapounganishwa upya, itangaze tena hali yake ya kweli, ili neno la wosia lisibaki limetundikwa.

Lango 1883 halina usimbaji. Tumelitumia kwenye mfano tu; mtambo unaopokea amri uwe kwenye lango la TLS, kwa kawaida 8883, na nywila.

Kuhusu jina "kilima-1": mwaka jana tulinakili kadi ya kumbukumbu ya kompyuta ya kilimani ili tuwe na ya akiba, tukaiwasha ofisini kuijaribu. Dalali hakubali wateja wawili wa jina moja. Akija wa pili anamtoa wa kwanza. Wa kwanza naye, kwa kuwa ameambiwa aunganishe upya, anarudi na kumtoa wa pili. Tulishinda siku nzima tukiilaumu laini ya simu. Logi yenye kukatika kila sekunde mbili au tatu, kwa mpangilio wa saa, ni dalili ya majina kugongana kabla ya kuwa dalili ya mtandao mbovu.

Kurudi baada ya kukatika

Paho inajua kujaribu tena yenyewe, na inaongeza muda wa kungoja kila ikishindwa, mara mbili kila safari hadi kikomo ulichoweka. Usiandike mzunguko wako wa kujaribu kila nusu sekunde. Unamaliza bando, na siku seva ikirudi wateja wote wanaingia mlangoni kwa pamoja.

Ila kuna mitego miwili. Wa kwanza ni safari ya kwanza kabisa. Ukitumia connect ya kawaida na mtandao haujapatikana, Python inarusha hitilafu na programu inakufa kabla maktaba haijapata nafasi ya kujaribu tena. Umeme ukirudi baada ya kukatika, kompyuta huwaka haraka kuliko modemu, kwa hiyo hali hii si ya nadra, ni ya kila wiki. Ndiyo maana hapo juu tumetumia connect_async, ambayo inaanza kujaribu na haikati tamaa.

Mtego wa pili uko nje ya Python. Wengi huacha systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, iiwashe programu upya kila ikifa. Lakini kwa mipangilio ya kawaida systemd ikiona huduma imewashwa mara tano ndani ya sekunde kumi, inaiacha ikiwa imekufa na hairudi tena. Programu inayokufa papo hapo kwa kukosa mtandao inamaliza nafasi zake tano ndani ya muda wa kupiga chafya. Weka RestartSec iwe sekunde 10 au zaidi, na kikomo hicho hutakifikia.

Kitu kimoja cha mwisho kwenye kurudi: kujiandikisha kupokea ujumbe kufanyike ndani ya kolibaki ya kuunganishwa, si chini yake mara moja tu programu inapoanza. Vinginevyo, kwa mipangilio ya kawaida ya paho, muunganisho unarudi na kila taa ni ya kijani, ila dalali ameshasahau kuwa ulitaka habari za mtambo.

Kolibaki inapoanguka

Hapa ndipo tulipoumia, kwa hiyo turuhusiwe kukaa kidogo.

Ukiita loop_start, paho inaanzisha uzi wake. Uzi huo mmoja unapokea ujumbe, unatuma ishara za uhai, na unaziita kolibaki zako. Maana yake ni kwamba kolibaki yako inafanya kazi ukiwa umeketi kwenye kiti cha dereva wa watu wengine. Ukianguka, gari zima limesimama. Ukikawia, gari zima limekawia.

Kukawia kwenyewe tulikuwa nako. Ujumbe wa hatari ukifika, kolibaki yetu ilikuwa inatuma SMS kwa fundi, kwa mkurugenzi na kwa mlinzi, mmoja baada ya mwingine, kupitia modemu ya zamani. Siku mtandao wa simu ukiwa mzito, SMS tatu zinachukua zaidi ya dakika. Muda wote huo hakuna ishara ya uhai inayotoka, na dalali akimaliza subira yake anatukata. Kwa hiyo kila palipokuwa na hatari tulipoteza mawasiliano, na sisi tukawa tunasema hatari ndiyo imekata mawasiliano. Seva haikuwa na kosa. Kabla ya kulaumu mtandao, pima kolibaki yako inachukua muda gani.

Dawa ya kukawia na kuanguka ni moja: kolibaki ipokee, iweke kwenye foleni, iondoke. Kazi ifanywe na uzi mwingine.

```
def on_message(mteja, data, ujumbe):
    try:
        foleni.put_nowait((time.monotonic(), ujumbe.topic,
                           ujumbe.payload, ujumbe.retain))
    except queue.Full:
        logging.error("foleni imejaa: %s", ujumbe.topic)

def mfanyakazi():
    while True:
        muda, mada, mzigo, wa_akiba = foleni.get()
        try:
            shughulikia(muda, mada, mzigo, wa_akiba)
        except Exception:
            logging.exception("ujumbe mbaya: %s %r", mada, mzigo)
            weka_haijulikani(mada)
```

Angalia mstari wa mwisho. Wengi wanaishia kwenye kuandika logi, na wengine hawafiki hata hapo: wanaandika except na pass, maana yake "likitokea lolote, nyamaza". Paho yenyewe ina chaguo liitwalo suppress_exceptions linalomeza hitilafu za kolibaki. Sisi hatuliwashi. Hitilafu iliyomezwa inaacha kioo na namba ya zamani, yaani uongo ule ule tulioanza nao, safari hii bila hata mstari kwenye logi. Ujumbe usiosomeka una habari ndani yake: umetuambia kwamba kipimo kile hatukijui hali yake tena.

Hitilafu ya namba tupu ilitufundisha kukagua namba, na katika kukagua fundi akagundua jambo lililotushangaza zaidi. Kipimo kikituma neno "nan", Python inaligeuza kuwa namba bila kulalamika. Ni namba isiyo namba, na kila ukiilinganisha na nyingine jibu ni hapana. Je, nguvu iko chini ya wati 100? Hapana. Kengele hailii. Je, iko juu? Hapana pia. Pitisha kila kipimo kwenye math.isfinite kabla ya kukiamini.

Ukiwa ndani ya kolibaki ya paho usiite wait_for_publish. Unangoja kazi ambayo inatakiwa kufanywa na uzi ule ule uliousimamisha, na mtangoja wote wawili.

Na uzi ukifa kwa jambo ambalo hakuna aliyelitarajia? Tangu Python 3.8 kuna threading.excepthook, mahali pa kusema nini kifanyike uzi wowote ukifa kwa hitilafu. Sisi tunaandika logi kisha tunaiua programu nzima kwa os._exit, ili systemd iiwashe upya. Usitumie sys.exit hapo: ndani ya uzi inaumaliza uzi huo tu, kimya kimya, na umerudi ulikotoka. Kuna wanaoona ni ukatili kuua programu nzima kwa kosa la uzi mmoja. Programu nusu hai ndiyo iliyotusomesha matangazo ya vifo kwa ukuta.

Wanaotumia asyncio wana sura nyingine ya ugonjwa huo huo. Kolibaki ikianguka, mzunguko hausimami. Hitilafu inapelekwa kwa mshughulikiaji wa mzunguko, ambaye asipopangiwa kazi nyingine huandika logi tu. Kazi iliyoanzishwa na kusahauliwa inaweza kufa bila mtu kuuliza, na kama hukuishika kwenye kigezo chochote inaweza hata kufutwa kabla ya kumaliza. Zishike kazi zako, na uulize kila moja imeishaje.

Kwa wenye programu za zamani: paho 2.0 ilitoka mwaka 2024 na ikabadilisha namna kolibaki zinavyoitwa. Mstari wa CallbackAPIVersion usipokuwepo, programu inaweza kukataa kuanza. Hilo ni afadhali, utaliona. Baya ni kuandika VERSION2 na kuacha kolibaki ya kukatika na vipokezi vyake vitatu vya zamani, kwa sababu sasa inapewa vitano. Programu itaanza vizuri, itafanya kazi wiki nzima, na itaanguka siku ya kwanza muunganisho utakapokatika, siku ile ile uliyoihitaji.

Hali ya tatu

Ukurasa wetu wa hali sasa una maneno matatu: HEWANI, KIMYA na HAIJULIKANI. Kilima kinatuma taarifa kila sekunde 20, hata kama hakuna kilichobadilika. Zikikosekana tatu mfululizo, yaani dakika moja, kioo kinageuka njano, kinasema HAIJULIKANI, na spika ndogo ya studio inalia. Chini ya kila namba kuna umri wake: "wati 480, sekunde 12 zilizopita".

Umri huo unahesabiwa na saa ya studio, kwa time.monotonic, ambayo haijali mtu akirekebisha saa ya ukutani. Hatuiamini saa ya kilimani. Raspberry Pi hadi toleo la 4 haina saa ya betri ndani yake. Ikiwaka bila mtandao inaweza kudhani ni wiki iliyopita. Pia ujumbe wa akiba aliotunza dalali hufika ukiwa na alama ya retain, na huo hatuuhesabu kama uhai: unafika sasa hivi, ila ulisemwa zamani.

Ishara ya uhai ya MQTT haitoshi peke yake. Inatumwa na uzi wa paho, na uzi huo unaweza kuwa mzima kabisa wakati uzi unaosoma mtambo umeganda kwenye waya uliolegea. Kwa hiyo mlinzi wa systemd, WatchdogSec, analishwa tu pale mzunguko wa kusoma unapomaliza kusoma kipimo halisi. Usomaji ukikwama kwa dakika moja, programu inauawa na kuanza upya.

Si vituo vidogo tu vinavyohangaika na jambo hili. Darubini kubwa ya redio ya SKA, ambayo masahani yake yanajengwa Karoo, Afrika Kusini, imechagua mfumo wa usimamizi uitwao Tango, uliozaliwa kwenye maabara ya ESRF kule Grenoble, Ufaransa, na unaotumika sana kwa Python. Humo pia seva inatuma ishara ya uhai kila baada ya sekunde 10. Ikikosekana, mfumo unaiita kolibaki ile ile ya siku zote, ila unaipa tukio lenye kosa, API_EventTimeout, na mahali pa thamani panakuwa patupu. Kolibaki iliyoandikwa kwa haraka inakimbilia kusoma thamani na kuanguka. Iliyoandikwa vizuri inatazama kwanza kama kuna kosa. Tulifurahi kuona kwamba hata huko kimya kinaletwa mlangoni kama habari.

Amri iliyochelewa

Hadi hapa tumezungumzia kusikiliza. Kuamuru kuna hatari yake, na hii ni ya uhai wa mtu.

Dalali akiwa amepangwa kumtunzia mteja ujumbe wakati hayupo, amri ya WASHA iliyotumwa saa nne mkondo ukiwa umekatika inaweza kufika saa nane. Saa nane fundi yuko mnarani, mikono kwenye antena, baada ya kuuzima mtambo mwenyewe. Hatukusubiri litokee ndipo tubadilishe. Kila amri sasa ina muda wa mwisho, na ikipita muda huo haitekelezwi. MQTT toleo la 5 lina uwezo huo ndani yake. Kwa kuwa ujumbe wa daraja la qos 1 unaweza kufika mara mbili, hatuna tena amri ya "badilisha hali". Kuna "iwe imewashwa" na "iwe imezimwa", ambazo zikirudiwa hazileti madhara. Na juu ya yote kuna swichi kwenye mtambo wenyewe ya kuzuia amri za mbali. Fundi haigusi ngazi kabla ya kuigeuza. Swichi hiyo haina Python ndani yake.

Kilima kikipoteza studio, mtambo unabaki ulivyokuwa. Mwanzoni programu yetu ilikuwa inauzima "kwa usalama". Usalama wa nani, hatukupata jibu.

Namna ya kujaribu

Watu hujaribu kukatika kwa kuisimamisha seva. Hilo ni jaribio la kifo cha heshima tu, kwa sababu Linux inaaga kwa niaba ya seva. Kata njia bila kuaga: chomoa antena ya modemu, au iambie iptables idondoshe kila kinachoingia na kutoka kwenye lango la dalali, halafu shika saa uhesabu kioo kinageuka njano baada ya sekunde ngapi. Rudisha njia na uone kama habari zinaanza kuingia tena zenyewe. Kisha tuma takataka kwa makusudi: ujumbe mtupu, "abc", "nan", namba yenye koma badala ya nukta. Washa kompyuta mbili za jina moja. Zima umeme wa kilimani na uurudishe modemu ikiwa imechomolewa, ingoja dakika tano, ndipo uichomeke.

Sisi tunafanya hivyo Jumatatu ya kwanza ya mwezi, usiku baada ya kufunga matangazo. Mlinzi wa kilimani tumempa redio ndogo ya betri na namba ya studio. Akisikia kimya cha dakika mbili anapiga. Tangu tubadilishe programu amewahi kutuarifu kabla ya kioo mara moja, na usiku huo spika ya studio ilikuwa imechomolewa ili mtu achaji simu.